Maswali ya Wasomaji: Jarida la Michezo, Tulilipie au Tuliache?

Barua tatu tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni fedha ambazo mpenzi wa michezo hulipa ili jarida limfikie kila linapotoka. Tumezifupisha, lakini maswali yenyewe hatukuyagusa.

SWALI: Mhariri mpendwa, nimekuwa nikilipia jarida moja la michezo tangu lilipokuwa likitoka kila wiki. Siku hizi linatoka mara moja kwa mwezi, na matoleo matatu ya mwisho bado yamo ndani ya mifuko yake ya nailoni. Nimeletewa barua ya kunitaka nilipie tena, na nikilipa miaka mitatu kwa mkupuo nitapata punguzo kubwa. Wanangu wananicheka, wakisema kwamba yote yaliyomo walikwisha kuyasoma kwenye simu. Je, niendelee au niache? – Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Ndugu Msomaji wa Siku Nyingi, wanao wamesema kweli, ila hawakuimaliza. Ikiwa unachokitafuta ndani ya jarida ni matokeo, msimamo wa ligi na habari za nani anahamia timu gani, basi acha kulipa leo hii, kwa sababu jarida la mwezi hufungwa na kupelekwa kiwandani siku nyingi kabla halijakufikia, na kocha anayesifiwa kwenye jalada anaweza kuwa amekwisha kufukuzwa kazi unapolifungua.

Wachapishaji wenyewe wanalijua hilo kuliko sisi. Sporting News, lililoanzishwa St. Louis, Marekani, mwaka 1886, liliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwishoni mwa 2012. El Gráfico la Argentina, lililozaliwa mwaka 1919, lilisimamisha uchapishaji wake wa karatasi mwaka 2018, na ESPN The Magazine, lililoanza 1998, likafuata mwaka 2019. Sports Illustrated, ambalo tangu Agosti 1954 lilikuwa jarida la kila wiki, lilianza kutoka kila baada ya wiki mbili mwaka 2018 na kila mwezi mwaka 2020. Hata France Football, lililoasisi tuzo ya Ballon d'Or mwaka 1956, liliacha utaratibu wa kila wiki na kuwa la kila mwezi mwaka 2021. Yote yalipigwa mahali pamoja: habari ambayo msomaji aliingojea wiki nzima sasa humfikia kabla wachezaji hawajatoka uwanjani, na watangazaji wa biashara wakamfuata msomaji huko alikokwenda.

Jarida linaloendelea kuishi katika hali hiyo ni lile ambalo mhariri wake amekubali kwamba hauzi habari tena. Anauza makala ndefu iliyomchukua mwandishi miezi kadhaa kuifuatilia, uchunguzi wa jinsi shirikisho fulani lilivyotumia fedha zake, uchambuzi wa mbinu unaohitaji michoro na utulivu, na picha iliyotandazwa kurasa mbili ambayo kwenye kioo cha simu ingekuwa doa tu. Anauza pia michezo ambayo simu huipa mistari miwili na kuipita: riadha, baiskeli, kuogelea, mashindano ya vijana. Kwa hiyo ninakushauri uyafungue hayo matoleo matatu, uyasome huku ukiruka kila kinachohusu nani alishinda na nani anatarajiwa kushinda, kisha uangalie kilichobaki. Ukikuta katika kila toleo makala mbili ambazo ungesikitika kuzikosa, jarida hilo linastahili fedha zako. Ukikuta umeangalia picha tu, usilipie mwaka. Nunua nakala moja moja siku jalada litakapokuvutia. Wala usione haya kwa sababu ya mifuko ya nailoni, maana taarifa ya mechi ndiyo inayochacha, ilhali makala nzuri kuhusu maisha ya bondia mstaafu haipungukiwi na kitu ikisomwa baada ya miezi mitatu.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi huisahau. Jarida linalogusa michezo yote ndilo lililoumizwa zaidi na simu, lakini jarida la mchezo mmoja, hasa mchezo ambao msomaji mwenyewe anaucheza, lina sababu madhubuti ya kulipiwa. Mtu anayekimbia kila asubuhi na kusoma Runner's World, linalotoka tangu 1966, hatafuti kujua nani alishinda mbio za Jumapili. Anataka programu ya mazoezi ya kilomita 10 na maelezo ya namna ya kulinda goti, na mambo hayo hayachakai kwa wiki moja. Rugby World na World Soccer, yote mawili ya Uingereza na yote mawili ya mwaka 1960, yamedumu kwa kuwahudumia watu wanaoupenda mchezo wao mpaka katika pembe zake za ndani. Kama jarida lako ni la jumla na wewe ni mtu wa mchezo mmoja, huenda shida ni kwamba unalipia jarida lisilo lako.

Kuhusu miaka mitatu kwa mkupuo, jibu langu ni hapana. Yaliyoikuta Sports Illustrated yanatosha kuwa onyo. Mwaka 2019 jina la jarida hilo liliuzwa kwa kampuni ya Authentic Brands Group, nayo ikaikodishia kampuni nyingine haki ya kulichapisha. Novemba 2023 ilibainika kwamba tovuti yake ilikuwa na makala za kupigia debe bidhaa zilizowekewa majina ya waandishi wasiokuwepo, na picha zao zilitengenezwa kwa akili bandia. Mchapishaji alijitetea kwamba makala hizo zililetwa na kampuni ya nje. Januari 2024 haki ya kuchapisha ilifutwa baada ya malipo ya dola milioni 3.75 kutolipwa kwa wakati, wafanyakazi wengi wakapewa barua za kupunguzwa kazi, na Machi mwaka huohuo kampuni ya Minute Media ikakabidhiwa jarida hilo. Jarida halikufa, lakini msomaji aliyelipia miaka mitatu mwaka 2022 alijikuta akipokea kitu kilichopita katika mikono ambayo hakuichagua. Jarida linapofungwa kabisa, baadhi ya wachapishaji hurudisha fedha zilizobaki, na wengine humtumia msomaji jarida lao jingine kufidia matoleo anayodai, hata kama jarida hilo halina uhusiano na alichokipenda. Lipa mwaka mmoja.

Kabla ya hata huo mwaka mmoja, tazama tarehe ambayo malipo yako ya sasa yanaisha, ambayo mara nyingi huwa kwenye karatasi ya anwani au kwenye akaunti yako ya mtandaoni, kwa sababu wachapishaji wana tabia ya kuanza kudai miezi mingi mapema. Hakikisha pia kwamba barua hiyo imetoka kwa mchapishaji. Huko Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho imewahi kuwafikisha mahakamani watu waliowatumia wasomaji wa magazeti madai yaliyofanana na ankara halali, ilhali hawakutumwa na magazeti hayo. Ukishajiridhisha, wasiliana na mchapishaji umwambie kwamba unafikiria kuacha. Mara nyingi bei anayotozwa mteja mgeni huwa ya chini kuliko ya mteja mwaminifu, jambo ambalo sijawahi kuliona kuwa la haki, na anayetaka kuondoka ndiye hupewa ile ya mgeni. Uliza vilevile kwenye maktaba iliyo karibu nawe, kwani maktaba nyingi huwapa wanachama wake nafasi ya kusoma majarida bila malipo kupitia programu kama PressReader au Libby. Huenda jarida lako limo.

SWALI: Mhariri mpendwa, mtoto wa kaka yangu ametimiza miaka kumi na mmoja. Ni mwendawazimu wa mpira, lakini kitabu hakigusi. Nimefikiria kumlipia jarida la michezo kwa mwaka mzima liwe zawadi yake. Kaka yangu anasema ni kupoteza fedha, afadhali nimnunulie jezi. Wewe unaonaje? – Shangazi Mtu

JIBU: Dada yangu, katika zawadi zote za aina hii, ya mtoto ndiyo ninayoiunga mkono bila kusita. Mtoto asiyependa kusoma kwa kawaida hukimbia ukurasa ambao haujui mwanzo wake wala mwisho wake. Ukurasa unaomhusu mshambuliaji anayempenda ameshaujua nusu kabla hajauanza, kwa kuwa majina, timu na mechi ni mambo anayoyazungumza kila siku. Maneno magumu yaliyobaki atayabahatisha kutokana na yale anayoyajua, na hiyo ndiyo njia ambayo wasomaji wengi hukua nayo. Jedwali la takwimu nalo humfundisha asilimia na wastani pasipo yeye kushtuka kwamba anafanya hesabu. Wachapishaji waliligundua hilo zamani, ndiyo maana Uingereza ikapata Match mwaka 1979 na Marekani ikapata Sports Illustrated for Kids mwaka 1989, majarida yenye habari fupi fupi, picha kubwa na mabango ya kubandika ukutani. Kaka yako ana haki ya kupendekeza jezi, lakini jezi itambana baada ya mwaka, na wala haitamletea jambo jipya mwezi wa tano.

Nina masharti machache. Kwanza, nunua nakala moja uisome mwenyewe kabla ya kulipa, kwa maana majarida ya mpira ya watu wazima yanaweza kuwa na matangazo ya kamari ambayo hungependa yaingie chumbani kwa mtoto kwa jina la zawadi. Chagua mchezo anaoupenda yeye, hata kama kwako ni usingizi mtupu, na lugha anayoisoma kwa urahisi. Chagua la karatasi badala ya la kwenye simu, kwani kwenye simu jarida litakaa mlango mmoja na michezo ya kielektroniki, na sote tunajua mlango upi utafunguliwa. La kwenye simu liwe chaguo pale tu ambapo jarida linatoka nchi ya mbali na gharama za posta zinakaribia au kuzidi bei ya jarida lenyewe.

Unapolipa, andika anwani ya mtoto na jina lake kamili, ili jarida lifike likiwa lake na si la baba yake. Malipo yawe ya muda maalumu, na kile kisanduku kinachoruhusu kadi yako ya benki kukatwa tena mwaka unapoisha kiondoe alama, la sivyo utaendelea kutoa zawadi hiyo mpaka kijana aote ndevu. Zingatia pia kwamba toleo la kwanza linaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi miwili, kabla halijafika. Ile nakala uliyoinunua kuikagua ndiyo ya kumkabidhi siku yenyewe, ukiwa umeweka ndani yake barua fupi ya kumweleza kwamba nyingine zinakuja.

Nikiongeza neno kwa wanaotaka kumpa zawadi kama hii mtu mzima, nitasema wasidanganywe na kelele. Mtu anayebishana kuhusu mpira kuanzia asubuhi hadi usiku anaweza kuwa hajamaliza makala moja ndefu katika maisha yake, na jarida kwake litakuwa deni la kusoma analoletewa kila mwezi. Anayefaa ni yule anayefundisha timu ya vijana, anayekimbia au anayeendesha baiskeli, au yule ambaye huwa anakusimulia alichokisoma wala si alichokitazama.

SWALI: Mhariri, marehemu baba alituachia maboksi ya majarida ya michezo ya miaka ya sabini na themanini, mengi ya kulipiwa kwa mwaka. Wapo wanaotuambia ni mali. Je, ni kweli? – Mrithi

JIBU: Ndugu Mrithi, pole kwa msiba. Mengi yake si mali kwa maana ya fedha, kwa sababu yalichapishwa kwa wingi mno, na si ninyi peke yenu mnaoyatunza. Wanaokusanya hutafuta matoleo machache yenye sababu yake. Toleo la kwanza la Sports Illustrated, la tarehe 16 Agosti 1954, ambalo jalada lake lina Eddie Mathews akipiga mpira wa besiboli, hutafutwa zaidi likiwa bado na ile karatasi ya kukunjua yenye kadi za wachezaji. Toleo la Desemba 1996 la Sports Illustrated for Kids nalo hutafutwa kwa sababu ya kadi ya mcheza gofu Tiger Woods iliyokuwa ndani yake, na kadi ikishang'olewa, jarida linabaki karatasi. Nakala zilizopokewa kwa posta zina kasoro moja zaidi, nayo ni karatasi ya anwani iliyobandikwa kwenye jalada: wakusanyaji hupendelea nakala zilizouzwa kwa muuza magazeti, ambazo hazikubandikwa kitu. Msijaribu kuibandua, maana mtachana jalada na kuharibu hata kidogo kilichobaki.

Yapangeni kwa mwaka, mtenge yenye kurasa zote na mabango yake, kisha muandike orodha ya miaka iliyokamilika. Orodha hiyo ipelekeni kwenye maktaba au chuo kinachofundisha uandishi wa habari kabla ya kubeba boksi lolote, kwa kuwa mwaka uliokamilika unaweza kuwafaa watafiti, lakini matoleo ya hapa na pale wengi huyakataa. Hayo yaliyokataliwa wapeni watoto wanaokata picha.