Akianguka kifafa, tazama na hesabu dakika

Mdogo wangu ana kifafa tangu utotoni, na sasa ni mtu mzima mwenye kazi na familia yake. Kwa hiyo watu huniuliza mengi, na swali la kwanza karibu siku zote ni hili: akianguka nimshike vipi? Mimi hujibu kwamba usimshike. Mkinge asiumie, kisha tazama. Daktari hatakuwepo wakati huo, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hatakumbuka kitu. Shahidi ni wewe.

Ili ujue utazame nini, inafaa kwanza kuelewa kinachotokea kichwani. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Una seli za neva zipatazo bilioni 86. Umeme mdogo hupita ndani ya seli mpaka mwisho wa mkia wake, na hapo seli hutoa kemikali inayovuka upenyo mwembamba na kuigusa seli ya jirani. Zipo kemikali za kuchochea, hasa glutameti, na zipo za kutuliza, hasa ile iitwayo GABA. Ubongo uliotulia ni kama umati ambao kila kikundi kinazungumza lake. Kifafa kinapompanda mtu, kundi kubwa la seli huanza kupiga kelele ileile kwa pamoja, na vitulizo vinazidiwa nguvu.

Utakachokiona kwa nje kinategemea kelele hiyo imeanzia wapi. Ikianzia sehemu inayoendesha misuli, utaona kidole au shavu likichezacheza. Ikianzia nyuma ya kichwa, panapohusika na kuona, mtu huona vimulimuli. Ikianzia pembeni, usawa wa masikio, anaweza kusikia harufu isiyokuwepo, kuhisi kitu kikipanda kutoka tumboni, au kuona kwamba jambo analolipitia alishalipitia zamani. Halafu ubongo na mwili hupishana pande: ubongo wa kushoto huendesha mkono wa kulia.

Daktari Mwingereza John Hughlings Jackson aliyafikia mengi ya haya katika karne ya 19 kwa kuwatazama wagonjwa tu. Aliona mitikisiko ikianzia kidole gumba, ikipanda mkononi, ikifika usoni, kwa mpangilio uleule. Akasema lazima ubongo una ramani ya mwili. Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, wakagusa ubongo wa mbwa kwa umeme na kuonyesha kwamba ni kweli. Mashine ya kunasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu ilikuja baadaye sana. Hans Berger alipata mchoro wa kwanza mwaka 1924. Nayaeleza haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema hakuna maana ya kueleza walichokiona, mashine itaonyesha yote. Haionyeshi yote. Mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa na mchoro ukatoka safi kabisa, kwa kuwa saa ile ubongo ulikuwa umetulia. Daktari mzuri bado atakuuliza: ilianzaje?

Basi mwanzo ndio wenye thamani kubwa. Kichwa kiligeukia upande gani? Mkono upi ulitangulia? Alilalamika chochote kabla? Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Majibu hayo husaidia pia kutofautisha kifafa na kuzimia. Kuzimia kwa kawaida humpata mtu aliyesimama muda mrefu au aliyeona damu. Huwa mweupe, hulegea, na akishalala chini hurudiwa na fahamu upesi. Anaweza hata kutikisika kidogo, jambo linalowachanganya wengi. Aliyeanguka kifafa mara nyingi hukakamaa kwanza, kisha hutikisika kwa mpigo, anaweza kujing'ata ulimi upande, na baadaye hukoroma na kuamka akiwa amechanganyikiwa. Tazama pia baada ya kuamka. Mkono mmoja ukiwa dhaifu kwa muda, au maneno yakigoma, hiyo ni alama ya mahali tatizo lilipoanzia.

Kuna kifafa kisichoangusha kabisa. Mtoto anakata maneno katikati, anakodoa macho kwa sekunde 10 hivi, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Shuleni ataitwa mzembe. Hapa maelezo yako yanaweza kuamua dawa, maana kabamazepini, ambayo ni nzuri kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, inaweza kukizidisha kifafa hiki cha kukodoa macho.

Sasa kumkinga. Ondoa vitu vigumu na vyenye ncha karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Hawezi kuumeza ulimi wake, ila wewe unaweza kumvunja meno au kupoteza kidole. Usimpe maji wala dawa ya kumeza mpaka azinduke kabisa. Mitikisiko ikiisha, mlaze ubavu ili mate yatoke. Povu hilo ni mate tu, kifafa hakiambukizwi nalo. (Ningeambiwa nichague imani moja tu ya kuifuta duniani, ningeifuta hiyo.)

Na saa. Wengi hutulia ndani ya dakika 1 hadi 3, ingawa kwa anayetazama huwa ni ndefu mno, ndiyo maana usikisie. Ikifika dakika 5 bado anatikisika, au ameanza tena kabla ya kuzinduka, ni dharura: apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo kama ni mara yake ya kwanza, ni mjamzito, ameumia, au ilimkuta ndani ya maji.

Usichanganye na kiharusi. Kwa kawaida kifafa huongeza kitu: mtikisiko, harufu, mwanga. Kiharusi hupokonya: uso unashuka upande mmoja, mkono unakosa nguvu, maneno hayatoki. Hapo pia saa ina kazi, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu, na daktari atataka kujua ni lini mtu huyo alionekana mzima kwa mara ya mwisho.

Kuhusu dawa nitasema machache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Lakini dawa ikikatwa ghafla, ubongo huweza kulipuka kuliko mwanzo, hata kama mtu alikuwa hajaanguka kwa muda mrefu. Kukosa usingizi na pombe pia huchokoza. Mwanamke anayetarajia kupata mimba azungumze na daktari mapema kama anatumia valproeti, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Simu yako inaweza kurekodi, na video fupi humsaidia daktari kuliko maelezo ya watu watatu wanaopingana. Rekodi ukishamweka salama, uonekane uso na mikono yote miwili. Mdogo wangu ana sharti lake, nami naona ni haki: video inaonyeshwa kwa daktari tu, haitumwi kwenye kundi la familia, na ikishatazamwa yeye ndiye anayeamua kama ifutwe.