Umri na Mkono wa Kwotabeki

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wenu ninayeishi Marekani. Katika futiboli ya huku, kwa nini kwotabeki mmoja, yaani mchezaji anayerusha pasi kwa mkono na kuongoza mashambulizi, huporomoka ghafla akikaribia miaka 40, ilhali mwenzake huendelea kutamba?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maoni yangu majeraha hueleza mengi kuliko tarehe ya kuzaliwa. Kwotabeki hutegemea zaidi kuwasoma mabeki na kuamua haraka kuliko mbio, na ujuzi huo hauchakai upesi. Kinachomsaliti ni mwili, hasa mpira anaourusha unapopoteza kasi na beki akapata nafasi ya kuuwahi.

Mtazame Peyton Manning, aliyekuwa kwotabeki wa timu ya Denver Broncos. Mwaka 2013, akiwa na miaka 37 na shingo iliyokwisha kupasuliwa zaidi ya mara moja, alitoa pasi 55 za tachidauni (za kufunga, mpira unapofikishwa eneo la mwisho la wapinzani), rekodi ya ligi ya NFL. Msimu wa 2015 alitoa 9 tu za aina hiyo, huku pasi zake 17 zikinaswa na wapinzani. Dhidi ya Kansas City Chiefs, akisumbuliwa na unyayo, alifikisha pasi 5 kati ya 20, pasi zake 4 zikanaswa na akawekwa benchi, siku ileile aliyovunja rekodi ya ligi ya jumla ya yadi ambazo mchezaji amepata kwa pasi katika maisha yake yote ya mchezo. Ubingwa alioutwaa msimu huo, tuseme ukweli, ulibebwa na safu ya ulinzi.

Kwa upande mwingine, kwotabeki Tom Brady, ambaye alizoea kuuachia mpira mapema kabla ya kufikiwa na kuangushwa, aliongoza ligi msimu wa 2021 kwa yadi 5,316 za pasi, akiwa na miaka 44.