Ukitafuta mababu wa Uskoti usifuate herufi, fuata sauti

Mume wangu ni Mskoti, ubini wao McPhee, na mama mkwe alipoanza kusahausahau vitu nikasema ngoja niwatafutie wanangu majina ya wazee wa upande wa baba yao mapema, mana upande wangu wa Tanga nawatajia vizazi vitano bila kushika karatasi, ila upande wa pili ukishamtaja babu mzaa baba basi, kimya. Nimekaa na zile rejista miaka miwili sasa, na yapo mambo natamani mtu angeniambia siku ya kwanza.

Mwaka wa kushika kichwani ni 1855. Usajili wa serikali Uskoti ulianza tarehe 1 Januari mwaka huo, kabla ya hapo unachotegemea ni vitabu vya parokia vya Kanisa la Uskoti, yaani ubatizo na matangazo ya ndoa, na maziko kidogo sana. Cha zamani kuliko vyote ni cha Errol, 1553, lakini usijipe moyo kwa hilo, parokia nyingi hasa za milimani na visiwani zimeanza kuandika miaka mingi baadae. Sasa watu wengi wanakimbilia cheti cha kuzaliwa, mi nakwambia anza na cheti cha kifo, kwasababu cheti cha kifo cha kule kinataja baba wa marehemu na mama wa marehemu pamoja na ubini aliozaliwa nao huyo mama. Bibi aliyefariki 1867 akiwa na miaka themanini anakufikisha kwa wazazi waliozaa miaka ya 1780, na hapo hujafungua kitabu cha kanisa hata kimoja. Aliyetoa maelezo mara nyingi ni mtoto au mjukuu kwaiyo anaweza kukosea, ila ni njia.

Tovuti ya serikali inaitwa ScotlandsPeople. Kutafuta jina ni bure, kufungua picha ya ukurasa kunalipiwa, mimi nililipa pauni 1.50, inaonekana ndogo mpaka umefungua kurasa ishirini za watu wasiokuhusu kama nilivyofanya mimi mwezi wa kwanza.

Nikaandika McPhee, parokia ya Argyll, huko magharibi mwa Uskoti, niliyoipata kwenye cheti, hakuna kitu. Miezi minne hakuna kitu. Alafu siku moja nilikuwa najaza fomu ya mirathi ya marehemu baba, ambaye cheti cha shule kinasema Athumani, pasi inasema Othman, na kwenye kadi ya matibabu kuna Osmani, na mtu ni yuleyule mmoja. Hapo ndo nikaelewa. Mzee wa Argyll alikuwa anaongea Kigaeli, lugha ya asili ya kule milimani na visiwani, hajui kusoma pengine, karani wa kanisa anamuuliza jina alafu anaandika alichosikia kwa Kiingereza chake, na karani akibadilishwa tahajia inabadilishwa. McPhee ni huyohuyo Macfie, McFee, McPhie, McDuffie, na wakati mwingine ni M'Fie na kamkato hapo juu, na kuna waliodondosha Mac kabisa. Tovuti inakubali alama ya nyota mahali pa herufi usizozijua, kwaiyo nikaandika M*f* na watu wakaanza kutokea.

Kwa koo nyingine mtego ni mwingine. Menzies kwa wenyewe inatamkwa karibu na Mingis, mana zamani kulikuwa na herufi inaitwa yogh, wapiga chapa hawakuwa nayo wakaweka z, na Dalziel inatamkwa Dii-el kwa sababu hiyohiyo. White ya zamani utaikuta Quhyte. Ukoo wa MacGregor ulipigwa marufuku kutumia jina lao 1603, wakaruhusiwa 1661, wakazuiwa tena 1693 hadi 1774, kwaiyo babu MacGregor anaweza kuwa amelala kwenye kitabu kama Murray, Drummond au Campbell. Hata Livingstone tunayemsoma sisi kwa habari za Ujiji, barua zake za mwanzo alisaini Livingston bila e ya mwisho.

Majina ya kwanza nayo usiyaamini. Nilikuwa namtafuta Effie, dada wa babu yao mmoja, sensa inasema Effie, ndoa inasema Euphemia. Nikafungua ukurasa wa ubatizo, wino umefifia mpaka rangi ya chai, mistari imebanana, na pale katikati nikasoma Africa, binti halali wa Dun. McFie. Nikaita mume wangu jikoni. Kumbe haina uhusiano na bara letu, ni jina la Kigaeli Oighrig, makarani walikuwa wakilileta kwa Kiingereza kama Africa, Effie au Euphemia. Dun. ni Duncan. Nilikaa naliangalia lile neno muda mrefu.

Kilichonisaidia kuwa na uhakika kwamba huyo Africa ndiye Effie ni mama yao, yaani mama wa Effie na ndugu zake. Mwanamke wa Kiskoti kwenye rekodi anabaki na ubini wa baba yake hata akiolewa, kama kwetu pwani unavyobaki binti fulani, kwaiyo tafuta ndugu wote wa tumbo moja kwa jina la baba na la mama pamoja, mmoja akikosekana wengine wapo. Anaweza kukosekana kweli: kuanzia 1783 hadi 1794 kulikuwa na kodi ya peni tatu kwa kila kuandikisha na wengi waliikwepa, na mwaka 1843 kanisa liligawanyika, wengi wa waliokwenda Free Church, yaani kanisa jipya lililojitenga, hawapo kwenye vitabu vile. Kwa mtoto wa nje ya ndoa soma kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa, walimhoji mama mpaka amtaje baba, na mara nyingi jina limeandikwa.

Desturi yao kijana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kijana wa kwanza wa Duncan anaitwa Malcolm, basi huenda baba yake Duncan naye ni Malcolm. Kwaiyo sasaivi natafuta Malcolm, M*f*, kabla ya 1760.