Kompyuta ya kuzamia kukataa kuongea na PC: kabla hujafuta programu tena, angalia kebo

Mkuu, pole sana. Umesema kebo unayo, programu umeifuta na kuiweka upya mara nne, Windows inapiga ule mlio wa kupokea kifaa, lakini ukibonyeza kushusha data unaambiwa hakuna kifaa. Na kumbukumbu ya kompyuta yako ya kuzamia, kile kifaa anachovaa mzamiaji kurekodi kina na muda wa kila mbizi, inakaribia kujaa. Hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike kwa urefu, maana mimi niliumia hapo hapo.

Kumbukumbu za vifaa hivi huzunguka. Ikijaa haikuulizi chochote, mbizi mpya inakalia nafasi ya ile ya zamani kuliko zote. Nilihangaika na kebo miezi miwili huku naendelea kuzama, na siku data iliposhuka nikakuta mbizi zangu 11 za kwanza hazipo. Daftari ninalo, kina na dakika nimeandika, lakini ule mchoro wa kina unaorekodiwa kila baada ya sekunde kadhaa huwezi kuukumbuka ukauandika. Bado linaniuma. Kwa hiyo leo hii, kabla hujagusa kitu kingine, ingia kwenye logi (orodha ya mbizi) ya kifaa chenyewe, pitia mbizi moja moja na upige picha kila skrini kwa simu. Mchoro kamili hutaupata hivyo, ila kina, muda na tarehe vitakuwa salama.

Sasa huo mlio. Ulinidanganya wiki nzima. Ndani ya kichwa cha kebo mna chipu inayogeuza mawasiliano ya USB kuwa ya serial, yale ya mtindo wa zamani ya porti za COM. Windows inapolia, imeitambua chipu hiyo. Kompyuta yako ya kuzamia haijaiona kabisa. Jaribu: chomeka kebo tupu, bila kubana kifaa upande wa pili. Ikilia vilevile, ujue mlio hauna habari na kifaa chako.

Ukiwa umechomeka hiyo kebo tupu, fungua Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, sehemu ya Ports. Ukiona jina lenye COM na namba, na hakuna pembetatu ya njano, chipu na draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia chipu) wanaelewana, tatizo liko mbele. Ukiona pembetatu, bonyeza usome. Yangu ilisema kosa namba 10, na ilikuwa kebo ya bei nafuu yenye chipu ya kuiga. Watengenezaji wa chipu wanajua kwamba zinaigwa, na draiva zao mpya nyingine hukataa kufanya kazi na za bandia. Mwaka 2014 draiva ya FTDI, mmoja wa watengenezaji hao, iliyopita kwenye masasisho ya Windows ilikuwa inabadilisha namba ya utambulisho ya chipu bandia kuwa sifuri, kebo inabaki haitambuliki. Kwa hiyo usishangae kebo iliyofanya kazi jana kugoma leo baada ya sasisho. Kuna na hili: baadhi ya makampuni ya kompyuta za kuzamia huipa chipu namba yao wenyewe, hivyo draiva ya kawaida haiifahamu mpaka uweke ile ya kwao. Ndiyo maana nasema kuifuta programu mara nne hakukusaidii, programu haijafikiwa bado.

Porti ikiwa safi, hamia upande wa maji. Hapa ndipo mimi nilipopata jibu. Nilichukua lenzi na tochi nikaziangalia zile nukta za chuma za kifaa ambazo pini za kebo hukaa juu yake. Kwa macho matupu ziling'aa. Chini ya lenzi, moja ilikuwa na ukoko mwembamba wa kijani pembeni na utando mweupe wa chumvi katikati, pale pale pini inapotua. Niliiloweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, nikakausha, kisha nikasugua taratibu kwa kifutio cha penseli mpaka rangi ya chuma ikarudi sawasawa. Usitumie kisu wala msasa, utakwangua ule mpako wa juu na kutu itarudi kwa kasi. Na tafadhali usichokoe kwa sindano matundu ya kihisi cha mgandamizo. Hicho ndicho kinachokuambia uko kina gani, na kukiharibu kwa ajili ya data ni hasara isiyo na kifani.

Kausha kwelikweli pia. Kwenye modeli kadhaa nukta hizo hizo ndizo zinazohisi maji, na zikiwa na unyevu kifaa kinadhani kimeshazama. Halafu angalia betri: kifaa kinaweza kuonyesha saa vizuri kabisa na bado kikagoma kuhamisha data kwa sababu chaji imeshuka. Vingine lazima uviweke mwenyewe kwenye hali ya kuunganisha PC, na vikikaa dakika chache bila kazi vinajitoa.

Kwenye programu yenyewe, hakikisha porti uliyochagua ndiyo ile ya Device Manager. Kebo ikihamia tundu lingine la USB, namba ya COM inaweza kubadilika. Wala usifungue programu mbili pamoja, maana porti inashikwa na mmoja tu. Ile iliyokuja na kifaa ikiendelea kugoma, jaribu Subsurface. Ni ya bure, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2011, inaendeshwa Windows, Mac na Linux, na inasoma modeli nyingi mno kwa kutumia libdivecomputer, maktaba ya msimbo wa kuzungumza na kompyuta za kuzamia. Ukitumia Linux, jiongeze kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia porti hizo, vinginevyo utanyimwa ruhusa ya porti.

Anayetumia Bluetooth hakwepi yote haya, ila kwake ugomvi mara nyingi ni simu iliyoungana na kifaa kimyakimya ikakishikilia. Zima Bluetooth ya simu kwanza. Wale wa infraredi, ambao data yao hupita kwa mwanga usioonekana, wana kazi ngumu zaidi, Linux iliondoa IrDA, yaani mawasiliano hayo, kwenye kernel (kiini chake) 4.17 mwaka 2018.

Fanya kwa mpangilio huo, kebo tupu kwanza. Ikikwama, kwenye dirisha la kushusha data la Subsurface weka tiki ya kuhifadhi faili la logi la libdivecomputer (rekodi ya mawasiliano, si ya mbizi), ujaribu mara moja tena, kisha uliweke hapa pamoja na modeli ya kifaa na ile namba ya COM. Nitalisoma mstari kwa mstari.