Kaa Kiwanjani Kabla ya Kuchora Ramani
Ramani ya nyumba yangu ya Kigamboni niliichagua kwenye simu, kabla sijakaa kiwanjani hata jioni moja. Chumba cha kulala kikaangukia magharibi, kikawekewa dirisha pana la alumini ambalo fundi alilisifu sana. Ilipofika Januari, ukuta ule ulikuwa ukipigwa na jua tangu saa nane mchana, na saa nne usiku ukiuwekea kiganja ulikuwa na moto wa sufuria iliyoepuliwa punde. Tulikuwa tukiamka tumenuniana, nami nikadhani kasoro ni yetu. Mama alipotutembelea hakusema neno; alichukua mkeka, akashinda siku zote nne chini ya mwembe wa jirani.

Anayetaka kujenga pwani nitamwomba kwanza apeleke kigoda kiwanjani, akae asubuhi, alasiri na usiku, aone jua linakotua na upepo unakotokea. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi ikaanza Aprili, kwa hiyo madirisha yanayotazama kaskazini na kusini hufaidi pepo zote mbili, na upenu mpana huyakinga na jua la juu. Jua la magharibi huja chini chini, na upenu hauliwezi. Lakini upepo hauingii mahali usipopata pa kutokea. Kila chumba kipate tundu la pili, japo la matofali ya matundu juu ya mlango, na ieleweke kwamba dirisha la kutelezesha hufunguka nusu tu.

Wazee wa Lamu walilijua hili. Nyumba zao za mawe na chokaa zina kuta nene na kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa, kinacholeta mwanga, na mgeni hupokewa dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlangoni, au barazani bila kuwasumbua walio ndani. Sitara hiyo nayo ni utulivu, ingawa ramani za siku hizi humfungulia mgeni mlango akaiona meza ya chakula na hata mlango wa chooni.

Sisi tuliziba nusu ya dirisha la magharibi, tukatoboa ukuta wa kusini, tukaweka dari chini ya bati ili mvua isizime mazungumzo. Asumini niliyoipanda chini ya dirisha jipya hunukia usiku. Wavu wa mbu huusugua kila mwezi, maana ukishika vumbi upepo haupiti.