Tovuti ya WordPress ya tangu 2006 imekwama PHP 5.6: namna ya kuipandisha

Mkuu, umesema tovuti yako ya tangu 2006 bado iko PHP 5.6 (PHP ni lugha inayoendesha WordPress), hosti wanaiondoa karibuni, na ukiweka PHP 8 ukurasa unabaki mweupe. Pia baadhi ya makala za zamani zinaonyesha "ngâ€™ombe" badala ya "ng’ombe". Hayo ni matatizo mawili tofauti, usiyatibu kwa mkupuo mmoja.

Anza na bakapu: databesi kwa mysqldump (amri ya MySQL ya kunakili databesi), folda nzima ya wp-content, wp-config.php na .htaccess. Ile Tools > Export ya dashibodi haitoshi, kwa sababu faili lake la XML lina maandishi na viungo vya picha tu, picha zenyewe hazimo. Ifungue bakapu kwenye kompyuta yako, kwa XAMPP (programu ya kuendesha tovuti kwenye kompyuta yako) ya zamani yenye PHP 5.6, uone kama tovuti inawaka. Kazi yote ifanyie hapo kwanza.

Ukurasa mweupe maana yake PHP imekata njiani. Kwenye wp-config.php weka WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG kuwa true, WP_DEBUG_DISPLAY false, kisha soma wp-content/debug.log. Kwa tovuti ya umri huo tarajia mysql_query, iliyoondolewa PHP 7.0, au create_function na each, zilizoondolewa 8.0. Mstari huohuo unataja faili lenye kosa, na mara nyingi ni themu au plagini iliyotelekezwa na mwenyewe.

WordPress 6.2 ndiyo ya mwisho kukubali PHP 5.6. Toleo la 6.3 linataka 7.0, na 6.6 linataka 7.2.24. Kwa hiyo zima plagini zote, weka themu inayokuja na WordPress, panda hadi 6.2, badili PHP iwe 7.4, panda WordPress hadi toleo la sasa, ndipo uende PHP 8. Washa plagini mojamoja huku ukifungua kurasa kadhaa. Kabla ya kufuta iliyokufa, tafuta shortcode zake (misimbo ya mabano ambayo plagini huigeuza kuwa kitu kama albamu) ndani ya wp_posts, jedwali la makala, la sivyo wasomaji watakuta [albamu id=12] katikati ya makala.

Sasa hiyo ng’ombe, na hapa naomba uende taratibu, maana amri moja ya haraka inaweza kuharibu maandishi ya miaka yote hiyo. Kabla ya WordPress 2.2 hakukuwa na DB_CHARSET, mpangilio wa wp-config.php unaotaja aina ya usimbaji wa herufi, hivyo herufi za UTF-8 ziliingia kwenye jedwali lililoandikwa latin1, usimbaji wa zamani. Zilizoathirika ni alama zilizopachikwa kutoka Word, kama ’ iliyopinda. ' Iliyonyooka haidhuriki, ndiyo maana makala nyingine ziko salama. Kufuta DB_CHARSET kunaficha ugonjwa tu.

Chukua kichwa cha makala kimoja kibovu: SELECT HEX(post_title) FROM wp_posts WHERE ID = namba yake. Ukiona E28099, yaani baiti za ’ katika UTF-8, herufi ni nzima, lebo ya jedwali ndiyo yenye makosa. Usibadili latin1 kwenda utf8mb4 (UTF-8 kamili ya MySQL) moja kwa moja, MySQL itazitafsiri na kuzivuruga kwelikweli. Pitia LONGBLOB, aina ya safu inayotunza baiti bila kuzitafsiri:

ALTER TABLE wp_posts MODIFY post_content LONGBLOB;
ALTER TABLE wp_posts MODIFY post_content LONGTEXT CHARACTER SET utf8mb4 NOT NULL;

Safu za TEXT, kama post_title na comment_content, zipitishe BLOB. Ukiona C3A2E282ACE284A2, zimeshatafsiriwa mara mbili. Hapo tumia CONVERT(BINARY CONVERT(post_content USING latin1) USING utf8mb4), lakini kwa SELECT kwanza. Makala yenye alama nzima na mbovu pamoja inaweza kurudi NULL (tupu), hiyo isahihishe kwa mkono.

Ukihamia https, usitumie REPLACE ya SQL. Mipangilio ya wijeti huhifadhiwa hivi: s:18:"http://mfano.co.tz". Ukiongeza "s" bila kubadili 18 kuwa 19, PHP inashindwa kuisoma na wijeti zinatoweka. WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri, inahesabu upya yenyewe; --dry-run ni jaribio lisilobadili kitu:

wp search-replace 'http://mfano.co.tz' 'https://mfano.co.tz' --skip-columns=guid --dry-run

Namba zikiridhisha, ondoa --dry-run. Safu ya guid iache ilivyo, visoma-RSS huitumia kutambua makala, ukiibadilisha za zamani zitawatokea wasomaji kama mpya.