Boma si kifupi cha Kiingereza

Mwalimu alitufundisha kwamba BOMA ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza kuhusu utawala wa Waingereza ng'ambo. Ni kweli, mzee? (Kijana, Ipuli, Tabora)

Hapana, mwanangu. Mwalimu wako aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na hayuko peke yake. Hata mimi nilimeza hadithi hiyo miaka mingi. Hesabu tu: Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916, Waingereza wakakabidhiwa baadaye. Lakini Stanley, msafiri aliyeandika kwa Kiingereza, alipita hapa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, 1871, na kitabu chake cha 1872 tayari kina neno boma, yaani uzio wa miti na miiba ambao msafara ulijizungushia usiku. Wafugaji nao wana boma la ng'ombe. Mzungu alilikuta neno, hakulileta.

Alichofanya Mjerumani ni kulijengea kuta nene. Ndani ya boma lake alikaa askari, ilikatwa kesi, ililipwa kodi, na mahabusu walikuwa humo humo. Ukiitwa bomani, nyumbani walianza kuulizana umefanya nini. Hivyo neno likahama kutoka ukutani likaingia serikalini, na wazee mpaka leo wakienda kwa mkuu wa wilaya wanasema wanakwenda bomani.

Diwani anasema kata yetu ina maboma matatu ya madarasa. Tunapigana na nani? (Msomaji, Kigoma)

Na bajeti. Boma hilo ni kuta zilizosimamishwa na nguvu za wananchi, zinasubiri bati.

Mtemi Isike alikaa kwenye boma au ikulu? (Mama wa Kanyenye, Tabora)

Vyote viwili, mama. Ikulu ni neno la Kinyamwezi, makao ya mtemi, yaani chifu. Ya Isike ilizungushiwa kuta imara kweli kweli. Wajerumani waliishambulia 1892 wakarudi mikono mitupu. Ilianguka Januari 1893 mbele ya Tom von Prince, na Isike akawasha ghala la baruti akiwa ndani, asikamatwe. Kila redio inapotangaza taarifa kutoka Ikulu, mimi humkumbuka yeye, wala si Ikulu ya Magogoni, Dar es Salaam.

Ni kweli gereza maana yake kanisa? (Mvuvi, Ujiji)

Asili yake ndiyo, ni igreja ya Wareno. Watu wa pwani waliona kanisa ndani ya ngome, jina likaishika ngome nzima. Kilwa Kisiwani ngome ya kale inaitwa Gereza hadi leo. Kisha ngome zikafungiwa watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, Waingereza waliigeuza jela 1895.

Na handaki? (Huyo huyo)

Kiarabu, khandaq, nacho kilichukua kwa Waajemi. Ukisoma sira ya Mtume utakumbuka Vita vya Handaki, Madina, 627: aliyetoa shauri la kuchimba alikuwa Salman, Mwajemi.